Nyuzi Mia na Themanini

Nimechora duara kwa chaki
kwenye sakafu ya ukumbi, huku Jericho,
nikaligawa kwa nyuzi, kumi na tano, thelathini,
na kiti kimoja cha mbao pale katikati.
Ni Julai. Mabati yanajikunja kwa baridi.
Nje mtu anauza mitumba kwa spika iliyopasuka.
Nasubiri achoke.

Gathoni anatangulia na fidla yake.
Namzunguka na maikrofoni
kama mtu anayepapasa mlango stima zikipotea.
Noti za chini zinanifuata kila pembe,
kama harufu ya vitunguu, haziulizi umekaa wapi.
Zile za juu zinaruka kutoka kwenye ubao
moja kwa moja darini,
nazipata tu nikipanda stuli.
"Kumbe miaka yote hii," asema,
"nimekuwa nikiwapigia popo."

Okal ameilaza nyatiti, ameinama,
pete ya kidole cha mguu inagonga ukingo.
Ngozi inawasemesha wageni walio mbele.
Chuma kinampanda mwenyewe, goti hadi kidevu.
Naandika namba mbili, naweka alama ya kuuliza.

Dufu la Mwanaidi wa Pumwani lina ngozi moja, nyuma wazi.
Simama mbele: linakugonga tumboni.
Simama nyuma: vilevile.
Sasa simama ubavuni, uukabili ukingo,
huku hewa inasukumwa, huku inavutwa,
na mngurumo wote unakonda ukabaki mkwaruzo wa kucha.
Hakuamini. Alikuja kusimama mwenyewe
akaniachia dufu nilipige vibaya.
"Ndiyo maana shangazi alikaa pale," akasema,
akanyamaza, hakutueleza shangazi yupi.

Wa mwisho ni baba.
Tarumbeta, miaka arobaini katika bendi ya kanisa,
meno mawili ya mbele si yake.
Nilipokuwa na miaka sita nilimbebea sanduku
kila Jumapili, kutoka Makongeni,
nikitembea nyuma yake, nyuzi mia na themanini kamili.
Nilichosikia kilikuwa maongezi ya chumba cha pili,
mlango umefungwa: sauti nene isiyo na makali,
pumzi, na vali zikibofyekabofyeka.
Nilidhani ndivyo tarumbeta lilivyo.
Niliwaona watu wa mbele wakifuta macho,
nikafikiri ni jua.

"Anza," namwambia. Nimesimama kwenye sifuri.

Sikuwa tayari.
Ilikuja kama kioo kinapokurushia mwanga usoni
kutoka dirisha la mtu usiyemjua.
Mdomo ule wa shaba unazikusanya zote zenye ncha
na kuzituma mahali pamoja,
pembamba kuliko mabega yangu.
Mshale wa mita ukapita eneo jekundu. Sikuushusha.

Thelathini: bado inachoma.
Sitini: makali yanaanza kuchanika.
Tisini ni benchi la mama, ukutani, mdogo wangu mgongoni.
Alizoea kusema baba yenu hupiga kwa upole,
na walioketi mbele walicheka, naye akakasirika.
Mama hakusema uongo.
Mia na themanini: miguu yangu ilipajua
kabla ya masikio. Nilitaka kubeba sanduku.

Alipomaliza aliuliza nimepata nini.
Nikamwonyesha mchoro: umbo kama ulimi,
umechomoza upande mmoja, nyuma hauna kitu.
Akaigeuza karatasi mara mbili.
"Na mimi niko wapi hapa?"
Pale katikati, baba, kwenye tundu la bikari.
Hapo hatukupima.

"Hapo," akasema, "palikuwa na mate tu."
Akafungua kivali cha chini, akapuliza,
na matone yakaangukia chaki yangu,
yakafuta nyuzi ishirini hivi, upande wa mbele.
Nje yule wa mitumba alikuwa ameanza tena:
hamsini, hamsini, hamsini.